Mtoro wa nyumba ya Rais: Ona Judge katika barua za George Washington

Tarehe 28 Novemba 1796, akiwa Philadelphia, George Washington alimwandikia barua afisa wa forodha wa bandari ya Portsmouth, jimbo la New Hampshire. Alikuwa amebakiza miezi michache tu ya urais wake. Septemba iliyotangulia magazeti yalikuwa yamechapa waraka wake wa kuwaaga wananchi, na nchi nzima ilikuwa ikiujadili. Barua ya siku hiyo haikugusa vita wala mikataba, na wala haikugusa ushuru, ingawa ushuru ndiyo iliyokuwa kazi ya aliyeandikiwa. Ilimhusu mshonaji mmoja, msichana wa miaka ishirini na kitu, aliyeondoka nyumbani kwa Rais bila ruhusa na kukataa kurudi.

Afisa huyo, Joseph Whipple, alikuwa ameleta habari kwamba msichana ana sharti. Angekubali kurudi na kuwatumikia Rais na mkewe kwa uaminifu hadi mwisho wa maisha yao, mradi aachwe huru watakapofariki. Rais akajibu kwamba mapatano ya namna hiyo hayakubaliki kabisa.

Barua hii nimeirudia mara nyingi kuliko hotuba zote za Washington. Ili alikatae sharti la mjakazi, Rais ilimbidi alijibu kama hoja. Mtu ambaye kisheria alihesabiwa pamoja na farasi na viti vya nyumbani aliweka masharti mbele ya mkuu wa dola. Masharti yakapita katika barua za maofisa wa serikali, jibu likaandikwa kwa wino, na yote yakatunzwa kwa sababu karatasi za Washington zilionekana kuwa hazina ya taifa. Waliozitunza walikuwa wakilinda jina lake. Bila kukusudia, wakalinda na neno la msichana yule.

Jina lake ni Ona Maria Judge. Barua za bwana wake zinamwita Oney. Alizaliwa mnamo 1773 huko Mount Vernon, shamba la Washington katika jimbo la Virginia. Mama yake, Betty, alikuwa mjakazi mshonaji. Baba yake, Andrew Judge, alikuwa Mwingereza fundi wa kushona nguo, aliyekuja Marekani kwa mkataba wa kutumika miaka kadhaa. Mkataba ulipokwisha baba akaenda zake, mtoto akabaki, kwa kuwa sheria ya Virginia ilimpa mtoto hali ya mama yake. Watu wa pwani yetu walikuwa na neno la mtu kama Ona: mzalia, yaani mtumwa aliyezaliwa humohumo ndani ya milki ya bwana. Walikuwa pia na neno la kile alichokuja kuwa baadaye. Leo tukisema mtoro tunamfikiria mwanafunzi anayekwepa shule, lakini wazee wetu walimwita hivyo mtumwa aliyekimbia. Nitalitumia neno hilo kwa maana yake ya zamani.

Alipofika miaka 10 aliingizwa katika nyumba kubwa kumhudumia Bi. Martha, mke wa Washington: kumvalisha, kumtengeneza nywele, kumshonea. Washington mwenyewe aliandika kwamba alikuwa hodari wa sindano. Mwaka 1789, bwana wake alipochaguliwa kuwa Rais, Ona alikuwa miongoni mwa watumwa wachache waliochukuliwa kwenda New York, na mwaka uliofuata makao ya serikali yalipohamia Philadelphia akahamishiwa huko.

Jambo moja la kisheria linahitaji kuwekwa wazi mapema, kwa sababu bila hilo barua hizi haziwezi kusomwa vizuri. Ona hakuwa mali ya George Washington. Mume wa kwanza wa Martha, Daniel Parke Custis, alifariki mwaka 1757 bila wasia, na sheria ikampa mjane haki ya kutumia theluthi ya mali, watumwa wakiwemo, kwa muda wa uhai wake tu. Baada ya yeye kufa ilipaswa kurudi kwa warithi wa Custis. Betty alikuwa katika fungu hilo, na watoto wake wakalifuata. Washington alikuwa msimamizi wa fungu hilo. Hakuweza kumwuza Ona, na hakuweza kumwacha huru. Ona akipotea, Washington angeweza kudaiwa fidia.

Philadelphia ilimletea Washington shida ambayo Virginia haikuwa nayo. Jimbo la Pennsylvania lilikuwa limepitisha mwaka 1780 sheria ya kuumaliza utumwa hatua kwa hatua. Mgeni aliyeingia na watumwa wake, wakakaa humo zaidi ya miezi 6, aliwapa nafasi ya kudai uhuru. Wabunge wa shirikisho walisamehewa. Rais hakutajwa, maana sheria ilipotungwa cheo hicho hakikuwepo. Mwaka 1788 jimbo likaongeza kifungu cha kuwazuia mabwana wasiwavushe watumwa mpakani na kuwarudisha ili miezi ianze kuhesabiwa upya.

Aprili 1791 Mwanasheria Mkuu wa serikali, Edmund Randolph, alifika nyumbani kwa Rais na habari ya kutisha. Watumwa wake mwenyewe watatu walikuwa wamemwarifu kwamba wanadai uhuru wao kwa sheria hiyo. Washington alikuwa safarini majimbo ya kusini. Katibu wake, Tobias Lear, akamwandikia, na tarehe 12 Aprili Washington akajibu kutoka Richmond.

Jibu hilo ni msingi wa kisa chote, ingawa Ona hatajwi kwa jina. Washington anamwagiza Lear apate ushauri mzuri wa kisheria, na ikionekana watumwa wanaweza kudai uhuru, awarudishe Virginia. Anasema haamini kwamba uhuru ungewafaa. Hapohapo anaongeza kwamba wazo la uhuru laweza kuwa kishawishi kikubwa mno kwao. Anaeleza sababu ya hesabu: isipokuwa wawili, Hercules na Paris, wote ni wa mirathi ya Custis, naye akiwapoteza huenda akalazimika kuwalipia. Kisha anataka warudishwe kwa kisingizio kitakachowadanganya wao wenyewe na umma pia, na anaomba shauri hilo lisijulikane kwa mtu yeyote ila Lear na Bi. Martha.

Ni watu wengi wanaosoma nyaraka za viongozi wakitafuta kauli kuu. Mimi nimejifunza kuanza na sentensi inayosema "jambo hili libaki kati yetu." Hapo mwandishi anaonyesha kile anachojua kwamba wengine wangekihukumu. Washington hakuwa akiandika kama mtu asiyeijua sheria ya Pennsylvania, wala kama mtu aliyedhani majirani zake wa Philadelphia wangeona jambo la kawaida tu. Alijua, na ndiyo maana akaomba siri.

Lear alitii. Katika barua ya tarehe 24 Aprili alieleza mipango ya kuwavusha watumwa nje ya jimbo kabla miezi haijatimia. Lakini katika barua hiyohiyo aliingiza maneno ambayo katibu hakulazimika kuyaandika: kwamba hakuna kitu ambacho kingemfanya achukue hatua za kurefusha utumwa wa binadamu, kama asingekuwa na imani kamili kwamba siku moja wataachwa huru. Hapo katibu kijana anamwambia mkubwa wake, kwa adabu zote, kwamba mkono wake unafanya kazi hiyo huku moyo wake ukisita. Nayo imo katika karatasi.

Tangu hapo watumwa wa nyumba ya Rais wakawa wanavushwa mpaka na kurudishwa kabla ya miezi 6 kutimia. Ona alipitishwa katika mzunguko huo kwa miaka, akiishi katika mji uliokuwa na jamii kubwa ya watu weusi walio huru, akitumwa mjini, akisikia na kuona.

Mapema mwaka 1796 mjukuu wa Bi. Martha, Elizabeth Custis, aliolewa na Mwingereza Thomas Law. Bi. Martha aliamua kwamba Ona atakuwa zawadi kwa bibi harusi. Elizabeth alijulikana kwa hasira zake, na Ona alikuja kusimulia uzeeni kwamba alikuwa ameazimia kutokuwa mtumwa wake kamwe. Jumamosi tarehe 21 Mei 1796, familia ikiwa mezani kwa chakula na mizigo ya safari ya Virginia ikifungwa, alitoka nje. Alisimulia kwamba wakati wao walipokuwa wakifunga mizigo kwenda Virginia, yeye alikuwa akifunga yake kwenda asikokujua, maana alijua akirudi Virginia hatapata uhuru tena. Vitu vyake alikuwa ameshavipeleka kwa marafiki zake weusi mjini.

Siku mbili baadaye msimamizi wa nyumba, Frederick Kitt, aliandika tangazo la gazeti. Linamtaja kama msichana wa rangi nyepesi, mwenye madoadoa mengi usoni, macho meusi sana, nywele nyeusi zilizojaa, umbo jembamba, umri wa kama miaka 20, mwenye nguo nzuri nyingi za kubadilisha. Zawadi ni dola 10. Tangazo linasema hakukuwa na dalili kwamba angeondoka, wala jambo lolote lililomchokoza aondoke. Maneno hayo, kwamba aliondoka bila kuchokozwa, yatarudi tena katika barua ya Rais mwenyewe. Ndani ya nyumba ile, kumtoa mtu zawadi ya harusi hakukuhesabiwa kuwa uchokozi.

Baadaye mwaka huohuo binti wa seneta John Langdon, aliyeifahamu familia ya Rais, alimtambua Ona katika mitaa ya Portsmouth. Habari ikafika Philadelphia. Tarehe 1 Septemba Washington akamwandikia Oliver Wolcott, Waziri wa Fedha.

Kwa nini Waziri wa Fedha? Kwa sababu maofisa wa forodha wa bandari zote walikuwa chini yake, na Portsmouth ilikuwa na Whipple. Njia ilikuwa fupi: Rais kwa waziri, waziri kwa ofisa, ofisa kwa msichana. Washington anaomba radhi kumsumbua waziri kwa jambo dogo kama hilo, lakini anasema utovu wa shukrani wa msichana aliyelelewa kama mtoto kuliko mtumishi haufai kupita bila adhabu, tena Bi. Martha anamtaka. Anapendekeza kwamba njia salama na ya gharama ndogo ni kumkamata na kumpandisha chombo kinachoelekea Philadelphia au, kwa upendeleo wake, Alexandria, Virginia.

Sheria ya shirikisho kuhusu watoro Washington aliitia saini mwenyewe tarehe 12 Februari 1793. Ilimpa bwana au wakala wake haki ya kumkamata mtoro katika jimbo lolote, lakini ilimtaka ampeleke mbele ya jaji au hakimu, athibitishe dai lake, apate cheti, ndipo amwondoe. Barua ya 1 Septemba haina hakimu, haina cheti. Ilikuwa sheria katili tayari, isiyompa mtoro nafasi ya kujitetea mbele ya baraza la wazee wa mahakama, na hata hiyo Rais aliona afadhali aikwepe. Sababu haihitaji kubahatishwa sana. Kesi mahakamani ni jambo la wazi, na jina la mlalamikaji lingekuwa lake.

Whipple alifanya alichoagizwa, kwa kiasi. Alitafuta nafasi katika chombo kilichokuwa kikijiandaa kwa safari ya Philadelphia, kisha akamwita Ona kwa kisingizio cha kumpa kazi ya nyumbani. Na hapo akafanya jambo ambalo hakuagizwa: alimwuliza maswali, akasikiliza majibu. Ripoti yake kwa Wolcott ya tarehe 4 Oktoba ndiyo karatasi ninayoithamini kuliko zote katika kisa hiki. Kwa mara ya kwanza mtu wa serikali anaandika kile Ona alichosema.

Whipple anaeleza kwamba, kwa kadiri alivyoona, msichana hakurubuniwa na mtu, kama ilivyokuwa ikihofiwa. Kilichomwondoa ni kiu ya uhuru kamili. Anasema Ona alionyesha upendo na heshima kubwa kwa bwana na bibi yake, akatoa lile sharti la kurudi akiahidiwa uhuru baada ya vifo vyao, na akaongeza kwamba afadhali afe kuliko kurudi utumwani na kuuzwa au kupewa mtu mwingine. Maneno hayo ya mwisho, kupewa mtu mwingine, yanaelekea moja kwa moja kwa Elizabeth Custis. Whipple hakuijua habari ya zawadi ile, hivyo hakuweza kuyatunga. Hayo ni maneno ya Ona.

Chombo kikacheleweshwa na upepo mbaya, marafiki wa Ona wakagundua mpango, wakamzuia, naye hakutokea tena. Whipple aliamini kwamba alikuwa amekubali kweli. Mimi naona mwanamke aliyejikuta peke yake katika ofisi ya mkuu wa forodha, akagundua kwamba kazi aliyoitiwa haikuwepo, na akasema maneno yatakayomfikisha mlangoni. Lakini hata kama alisema ili atoke tu, sharti lenyewe limepangwa kwa akili. Aliwajua watu wale wawili, alijua umri wao, alijua hali yake ya mirathi, na alidai kitu ambacho kingeikata minyororo ya Custis mahali hasa ilipofungwa, yaani siku ya kifo cha Bi. Martha.

Mwishoni mwa ripoti Whipple anaeleza kwamba watoro wengi kutoka majimbo ya kusini wamekuja Massachusetts na baadhi New Hampshire, na kwamba maoni ya watu kupendelea uhuru wa wote yamefanya iwe vigumu kuwarudisha. Anashauri kwamba, ikiwa Rais bado anamtaka, maombi yapitie kwa mwanasheria wa serikali katika jimbo, afuate njia inayoruhusiwa na Katiba. Ofisa wa forodha anamkumbusha Rais kuhusu Katiba. Alijua anachokisema: kaka yake, William Whipple, alikuwa mmoja wa waliotia saini Azimio la Uhuru mwaka 1776, naye alimwacha huru mtumwa wake Prince mwaka 1784.

Ndipo likaja jibu la 28 Novemba nililoanza nalo. Mapatano hayakubaliki, anasema Washington, hata kama yeye binafsi angekuwa na nia njema kwa kuuondoa utumwa polepole, au hata kwa kuwaacha huru wote ikiwa hilo lingewezekana wakati ule. Haitakuwa busara wala haki kuutuza utovu wa uaminifu kwa kumpendelea mapema, na kwa hivyo kuwachafua mioyo watumishi wenzake wanaostahili hisani zaidi kwa sababu wametulia. Bado anashikilia kwamba Mfaransa fulani ndiye aliyemrubuni, ingawa Whipple alikwisha kusema sivyo. Anamruhusu Whipple amchukue, lakini asitumie nguvu itakayozua ghasia au kuwatia wasiwasi raia wema. Kuliko hayo, afadhali amkose kabisa.

Angalia kile ambacho barua haisemi. Washington alikuwa na jibu la kisheria mkononi. Angeweza kuandika: msichana huyu si wangu, ni wa warithi wa Custis, sina uwezo wa kumwahidi uhuru hata nikitaka. Mwaka 1791 alilieleza jambo hilo waziwazi kwa Lear. Mwaka 1796, mbele ya ofisa wa New Hampshire, hakuligusa. Alichagua kujibu kwa kanuni, na kanuni yenyewe ni kwamba uhuru ni hisani ya bwana kwa aliyetulia. Anayeukimbilia anaupoteza kwa kuukimbilia. Wapo wanaomtetea kwa hoja ya mirathi, na hoja hiyo ina uzito wake katika sheria. Lakini yeye mwenyewe hakuitumia hapa, nasi hatuna haki ya kumwandikia barua upya.

Sipendi kumsoma Washington kama jitu ovu, na karatasi hazimwonyeshi hivyo. Zinamwonyesha mtu aliyekuwa akibadilika, taratibu mno. Tarehe 9 Julai 1799 aliandika wasia wa kuwaacha huru watumwa wake mwenyewe, 123 kwa hesabu, baada ya kifo cha mkewe. Lakini tarehe 11 Agosti, mwezi mmoja tu baada ya wasia huo, alimwandikia Burwell Bassett, mpwa wa Bi. Martha aliyekuwa akielekea New Hampshire, kuhusu kumrudisha Ona, akisema jambo hilo lingempendeza shangazi yake. Karatasi zote mbili zilitoka katika mkono mmoja. Anayenukuu wasia bila barua, au barua bila wasia, anatuletea nusu ya mtu.

Wakati huo Ona alikuwa mke wa mtu. Januari 1797 aliolewa na Jack Staines, baharia mweusi aliye huru, na walikuwa na mtoto mchanga. Bassett alimfikia, akamwambia arudi, naye akajibu kwamba sasa yuko huru na anachagua kubaki hivyo. Bassett akaazimia kurudi kwa nguvu, amchukue yeye na mtoto. Kosa lake lilikuwa kulitaja azimio hilo nyumbani kwa mwenyeji wake, seneta John Langdon. Langdon akapeleka habari kwa siri, na Ona akakimbilia Greenland, mji jirani, kabla Bassett hajafika. Langdon huyo ndiye ambaye Aprili 1789, akiliongoza baraza la Seneti, alitia saini barua rasmi ya kumjulisha Washington kwamba amechaguliwa kuwa Rais.

Washington alifariki tarehe 14 Desemba 1799. Lear alikuwa kando ya kitanda, na ameandika kwamba miongoni mwa maagizo ya mwisho aliyopewa ni kuzipanga barua na karatasi za bwana wake na kuziweka sawa hesabu zake. Bi. Martha kwa upande wake alichoma barua alizoandikiana na mumewe, zikabaki chache mno. Ndiyo maana katika kisa hiki Bi. Martha anazungumzwa tu. Aliyemtaka Ona kuliko wote hana barua yake hata moja juu ya Ona. Aliwaacha huru watumwa wa mumewe tarehe 1 Januari 1801. Wa Custis, alipofariki mwaka 1802, waligawanywa kwa wajukuu.

Karatasi zilirithiwa na mpwa, Bushrod Washington, aliyekuwa jaji wa Mahakama Kuu. Mwaka 1827 mhariri Jared Sparks alizichukua, akachapisha majuzuu 12 kati ya 1834 na 1837. Aliipenda kazi yake na aliiharibu pia. Mahali Washington alipomwita jenerali mmoja kwa jina la utani, "Mzee Put", Sparks aliandika "Jenerali Putnam". Kiasi cha fedha ambacho Washington alisema ni kama kuumwa na kiroboto tu, Sparks alikigeuza kuwa kisichotosha kabisa mahitaji yetu. Rasimu ya hotuba ya kwanza ya urais, ambayo haikutumika, aliikatakata vipande akawagawia watu waliotaka mwandiko wa shujaa. Kisha Bunge likanunua karatasi kwa mikupuo miwili, mwaka 1834 kwa dola 25,000 na mwaka 1849 kwa dola 20,000, na leo ziko katika Maktaba ya Bunge mjini Washington, vipande takriban 77,000.

Kuna jambo la kiufundi katika uchapishaji wake ambalo kwa kisa hiki lina uzito mkubwa. Toleo kubwa la John C. Fitzpatrick, majuzuu 39 yaliyotoka kati ya 1931 na 1944, lilichapa barua zilizotoka kwa Washington peke yake. Alizoandikiwa hazikuwemo. Aliyelisoma aliona Rais akikataa mapatano, lakini hakuona ripoti ya Whipple ambamo mapatano yalitolewa, wala kiu ya uhuru, wala afadhali kifo. Kwa namna hiyo unaweza kuchapa kila neno la mtu bila kughushi hata moja, na bado ukamnyamazisha aliyekuwa akizungumza naye. Mradi wa Chuo Kikuu cha Virginia, ulioanza mwaka 1968, ulibadili utaratibu huo ukachapa pande zote mbili, na tangu 2013 barua hizo zinasomeka bure mtandaoni, kwa tarehe, swali na jibu vikifuatana. Mwalimu wa historia mwenye simu anaweza kuziweka mbele ya darasa asubuhi moja, kwa mpangilio huu: 12 Aprili 1791, 24 Aprili 1791, 1 Septemba 1796, 4 Oktoba, 28 Novemba. Wanafunzi wasiambiwe la kufikiri kabla hawajazisoma zote tano.

Ona aliishi muda mrefu kuliko wote waliomsaka. Mumewe alifariki mwaka 1803, mabinti zake wawili wakamtangulia kaburini, akazeeka katika ufukara mkubwa huko Greenland akisaidiwa na wilaya. Alijifunza kusoma, akawa Mkristo wa dhati. Watu wawili wa dini walimhoji, na habari zao zikachapwa katika gazeti la Granite Freeman mwezi Mei 1845 na katika gazeti la The Liberator tarehe 1 Januari 1847. Mmoja alimwuliza kama hajuti, maana maisha yake yamekuwa magumu kuliko yale ya nyumba ya Rais. Akasema la, yuko huru. Alifariki tarehe 25 Februari 1848, na kwa sheria ya nchi yake alikuwa bado mali ya warithi wa Custis siku hiyo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwandikia cheti cha uhuru.

Lile swali lililomsumbua Washington tangu Septemba 1796, ni nani aliyemtorosha, halina jibu katika karatasi zake. Alimshuku Mfaransa. Alimwuliza waziri, waziri akamwuliza ofisa, na ofisa hakupata jina. Jibu alikuwa nalo Ona, na alilifunga kifuani kwa miaka hadi mwenye jina alipokufa, wasije wakamwadhibu kwa ajili yake. Alikuwa nahodha John Bowles, na chombo chake kiliitwa Nancy.